Nani Aliyewaua Nyati wa Amerika?

Kila tukutanapo kwa ibada twaungama dhambi zetu pamoja. Kitabu cha Sala hakimwachi mtu aseme "mimi" peke yake. Chatufundisha kusema "sisi". Mkulima, mwalimu, karani, bibi kizee na kijana wa kwaya, wote kwa sauti moja twakiri kwamba sisi tumekosa. Huenda wengine wetu wamejiuliza kimoyomoyo: "Mbona niungame makosa ya watu wengine? Mimi nayajua niliyoyatenda juma hili, nayo ni madogo. Hayo makubwa ya ulimwengu yanihusu nini?"

Swali hilo si la kijinga, wala si la mtu asiye na imani. Ningependa tulitafakari kwa habari ya mnyama mmoja wa mbali sana na kwetu, maana mara nyingine jambo la mbali huonekana wazi kuliko lile lililo mlangoni.

Katika nyanda za majani za Amerika ya Kaskazini yuko mnyama aitwaye baisani. Walowezi Waingereza walizoea kumwita nyati, nasi tutamwita nyati wa Amerika, ingawa kwa damu yu karibu zaidi na ng'ombe wa zizini kuliko na nyati wa pori letu. Dume lake hufika kimo cha karibu mita 1.8 begani, na uzito wa kilo 900 au hata zaidi. Juu ya mabega ana nundu kubwa ya misuli, iliyoshikwa na mifupa mirefu ya uti wa mgongo, na kazi yake ni kukibeba kile kichwa kizito. Wakati wa baridi, theluji inapofunika majani, nyati hukitumia kichwa hicho kama ufagio. Hukipeleka kushoto na kulia mpaka theluji iondoke na majani makavu yaonekane. Jike huzaa ndama mmoja, mwenye rangi nyekundu, baridi inapokwisha. Tena mnyama huyu hupenda kugaagaa mavumbini, na vishimo anavyoviacha hujaa maji ya mvua, ambamo mimea na viumbe vidogo hupata makao. Tazama hekima ya Mwumbaji: mnyama anajikuna mgongo tu, kumbe anamchimbia jirani yake kisima.

Kwa maelfu ya miaka wenyeji wa asili wa nyanda hizo, kama vile Blackfoot, Lakota, Cheyenne na Kiowa, waliishi kwa nyati. Nyama ilikuwa chakula chao, ngozi ilikuwa hema na vazi, kano zilikuwa uzi wa kushonea, mifupa ilichongwa kuwa zana, na kinyesi kikavu kilikuwa kuni mahali pasipo miti. Hata hivyo tusiwafanye watu hao malaika. Huko Alberta, nchini Kanada, lipo genge liitwalo Head-Smashed-In, ambapo kwa muda wa karibu miaka 6,000 wawindaji waliyafukuza makundi mpaka wanyama wakaporomoka na kufa kwa wingi. Baadaye, walipokwisha kupata farasi, baadhi yao waliwauzia wafanya biashara ngozi nyingi. Walakini nyati walikuwapo bado. Wataalamu hukadiria kwamba kabla ya Wazungu kuzienea nyanda hizo walikuwako nyati kati ya milioni 30 na milioni 60.

Mwaka 1889 mtu mmoja aitwaye William Hornaday, aliyekuwa mtumishi wa jumba la makumbusho la taifa huko Washington, alichapisha hesabu yake. Katika Amerika ya Kaskazini yote, wa porini na wa kufugwa, hawakufika 1,100.

Sasa na tufanye baraza, tuwaite wahusika mmoja mmoja, tuulize ni nani aliyewaua.

Aje kwanza mwindaji. Yeye hakuwafukuza nyati. Aliketi mbali na bunduki yake, akampiga kwanza jike aliyeongoza kundi. Wengine walipobaki wakizunguka bila kiongozi, aliwapiga mmoja baada ya mwingine. Akachuna ngozi, nyama akaiacha ioze. Akiulizwa atasema: "Mimi ni maskini, nina watoto. Ngozi moja hunipatia dola chache tu. Niliowaua mimi ni sehemu ndogo, na kama nisingewaua mimi, jirani yangu angewaua."

Aje mwenye kiwanda. Kuanzia mwaka 1871 ilijulikana namna ya kutengeneza ngozi ya nyati iwe imara, ifae kwa viatu na kwa mikanda ya kuzungushia mashine. Viwanda vya Marekani na vya Ulaya, vya Uingereza vikiwamo, vikanunua. Mwenye kiwanda atasema: "Mimi sijaua hata mnyama mmoja. Nililetewa ngozi, nikalipa bei ya halali."

Aje mwenye reli. Njia ya reli iliyokamilika mwaka 1869 ilivuka nchi nzima, ikaligawa kundi kubwa pande mbili, ya kusini na ya kaskazini, na abiria wengine waliwapiga nyati risasi madirishani kwa mchezo tu. Atasema: "Kazi yangu ni kubeba watu na mizigo."

Waje wakubwa wa serikali. Columbus Delano, waziri aliyesimamia mambo ya wenyeji wa asili, aliandika katika taarifa yake ya mwaka 1873 kwamba hangesikitika sana kama nyati wangetoweka kabisa, kwa kuwa wenyeji wangelazimika kutegemea kilimo. Mwaka 1874 Bunge la Marekani lilipitisha muswada wa kupunguza mauaji hayo, lakini Rais Ulysses Grant hakuutia sahihi, ukafa mezani. Yeye hakushika bunduki. Alichofanya ni kuiacha kalamu ilale.

Mwisho aje yule msichana wa kiwandani, mbali ng'ambo ya bahari, aliyesimama kutwa mbele ya mashine iliyozungushwa na mkanda wa ngozi ya nyati. Yeye hakumjua nyati hata kwa picha, na Jumapili alikwenda kanisani.

Ndugu zangu, kila mmoja wa hao ana jibu, na majibu yao karibu yote yana ukweli ndani yake. Lakini tukiisha kuyakusanya yote, nyati wamekufa. Kundi la kusini lilikuwa limekwisha mwaka 1878, na la kaskazini likafuata mwaka 1883. Wenyeji waliowategemea wakabaki mikono mitupu. Katika baridi ya mwaka 1883 na 1884 mamia ya watu wa Blackfeet wa Montana walikufa kwa njaa. Nao hawa walikuwa watu, wenye majina na mama zao.

Sisi huwafundisha watoto kwamba haba na haba hujaza kibaba, tukiwatia moyo waweke akiba. Ni methali njema. Ila methali hiyo haichagui cha kujaza. Kibaba cha akiba hujazwa kwa haba na haba, na kibaba cha maovu vilevile. Tofauti ni kwamba kibaba cha akiba kila mtu hudai ni chake, lakini cha maovu kikiisha kujaa hakina mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali letu. Ziko dhambi ambazo hakuna mtu mmoja awezaye kuzitenda peke yake, na kwa hiyo hakuna mtu mmoja azionaye katika dhamiri yake anapojichunguza usiku. Tungekuwa na ungamo la "mimi" tu, dhambi hizo zingepita kati yetu kila siku bila mtu wa kuziungama. "Sisi" ya Kitabu cha Sala ndiyo wavu wa kuzinasa.

Mtu atasema: "Kama wote wamekosa, basi hakuna aliyekosa." Hapana. Kuungama pamoja si kuligawa kosa vipande vidogo vidogo mpaka kila mtu apate kipande asichokihisi. Waziri alikuwa na uwezo kuliko msichana wa kiwandani, kwa hiyo na hukumu yake ni nzito zaidi. Tunaposema "sisi" hatusemi kwamba wote wamekosa sawasawa. Twasema kwamba hakuna aliye na ruhusa ya kuondoka barazani kabla shauri halijakwisha.

Na shauri haliishi kwa majonzi tu. Twajua habari za Zakayo, aliyeufungua mfuko wake na kurudisha. Katika habari za nyati pia wako watu waliorudisha, na mioyo yao yatufundisha mengi, maana hawakuwa watakatifu.

Mwaka 1878 Mary Ann Goodnight, mke wa mfugaji mkubwa wa Texas, alimsihi mumewe awakamate ndama waliosalia, wakawafuga. Hornaday naye, kabla ya kuandika hesabu yake, alikwenda Montana mwaka 1886 akawaua zaidi ya nyati ishirini, ili ngozi zao zihifadhiwe katika jumba la makumbusho kabla hawajaisha. Lakini mtu huyo ndiye aliyegeuka akawa mtetezi wao. Mwaka 1905 alishiriki kuanzisha chama cha kuwaokoa, na mwaka 1907 nyati 15 kutoka bustani ya wanyama ya New York walipandishwa katika reli, ile ile iliyokuwa imebeba ngozi zao, wakarudishwa katika nyanda za Oklahoma.

Rais Theodore Roosevelt alikubali kuwa rais wa heshima wa chama hicho. Mwaka 1909, alipokwisha kutoka madarakani, Roosevelt huyo huyo alishuka Mombasa, akaingia bara kuwinda, na katika safari hiyo yeye na mwanawe waliwapiga wanyama zaidi ya 500. Alisema ni kwa ajili ya elimu na makumbusho, na ni kweli kwamba wengi walipelekwa huko. Lakini mimi nikisoma habari hizo najiona mwenyewe. Toba yetu mara nyingi huwa ya namna hiyo: twatubu kwetu, kisha twafunga safari kwenda kwa jirani.

Liko na funzo lingine gumu zaidi. Katika nchi ya makabila ya Salish na Kootenai, huko Montana, lilikuwako kundi kubwa la nyati lililotokana na ndama wachache waliookolewa na wenyeji wenyewe. Mwaka 1908 serikali ilitenga sehemu ya ardhi yao iwe hifadhi ya nyati, bila ya ridhaa yao. Tendo jema likajengwa juu ya kiwanja cha kunyang'anya. Wenyeji walidai kwa miaka mingi, hata sheria ya Desemba 2020 ikawarudishia hifadhi hiyo. Yaani kuliokoa kundi peke yake hakukutosha. Mnyama alikuwa amerudi, lakini haki ya jirani ilikuwa bado haijarudi, na ilichukua miaka zaidi ya mia moja kumaliza toba iliyoanza nusu.

Leo wapo nyati laki kadhaa, walio wengi katika mashamba ya watu binafsi, wakifugwa kwa ajili ya nyama. Wa hifadhi ni wachache zaidi. Mwaka 2016 Marekani ilimfanya nyati kuwa mnyama wake wa taifa. Ni vizuri. Ila heshima ya namna hiyo humfikia mnyama anapokuwa hawezi tena kumzuia mtu shamba lake.

Kabla ya baridi ya mwaka 1883 wawindaji wa kaskazini walinunua risasi na chakula, wakatengeneza magari yao ya kukokotwa, wakaenda nyandani kama walivyozoea. Walidhani nyati wamehamia upande wa Kanada na watarudi. Hawakuwaona. Msimu wa mwisho ulikuwa umekwisha kupita, na hakuna aliyejua siku ile kwamba ndio wa mwisho. Dhambi ya watu wengi haina kengele ya kutuonya. Tunaiendea asubuhi kama kazi ya kila siku.

Basi Jumapili ijayo tukipiga magoti na kufika kwenye neno lile "sisi", tusilipite haraka. Kila mmoja atazame mkono wake na kujiuliza: ni kibaba gani ninachosaidia kujaza kwa haba yangu? Kitu hiki ninachokinunua kwa bei nafuu, ni nani aliyelipa kilichopungua? Na kama nimechukua cha mwenzangu, hata pamoja na wengi, nitarudisha nini, nami nitaanza lini?

Mungu atujalie macho ya kuona mapema, kabla nyanda hazijawa tupu. Amina.