Ndani ya Gari Lisilopandwa

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, fungua uingie ndani. Methali hii tunaitumia sana tunapomsema mtu mwenye sura nzuri na tabia mbovu, kisha tunaiweka pembeni kana kwamba imemaliza kazi yake. Lakini ina upande wa pili ambao mara chache tunauuliza. Je, kama nyumba haina mlango? Kama imejengwa ikazibwa kabisa, na hakuna binadamu atakayetia mguu ndani yake, fundi ana deni gani kwa chumba hicho? Anapaswa kukisakafia, au akiache na kifusi chake?

Msomaji anaweza kusema kwamba hili ni swali la watu wasio na kazi. Nami nakiri kwamba kwangu lilianzia katika mchezo. Nimezaliwa Shinyanga, nchi ya pamba na mifugo, ambako utotoni tulitengeneza magari ya mabua ya mtama na baadaye ya waya, magurudumu yake yakiwa ni ndala zilizochakaa. Mtoto wa Kisukuma hakununuliwa gari, alijiundia. Nilipostaafu kazi ya ukarani katika chama cha ushirika nilihamia Katoro, katika mkoa wa Geita, ule uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumega Mwanza, Shinyanga na Kagera. Huko, katika mji ambao kila mtu anazungumzia dhahabu, mimi nilirudia magari yangu, safari hii kwa plastiki.

Ninayoipenda kuliko zote ni Land Rover ndefu ya toleo la tatu, lile lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971. Wazee wenzangu wanaikumbuka: ndiyo iliyotupeleka kwenye magulio ya pamba, masika na kiangazi. Toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ina inchi 109, yaani karibu sentimita 277. Mimi naiunda kwa kipimo cha moja kwa kumi, kwa hiyo kwangu inapungua kidogo sentimita 28. Bodi haina taabu kubwa. Unachukua bomba la maji la inchi nne, unalipasua kwa urefu, unalipasha moto juu ya makaa bila kuliunguza, unalikandamiza kati ya mbao mbili hadi lipoe, nawe umepata karatasi ngumu ya plastiki inayokubali msumeno, msasa na gundi ya mabomba.

Kazi iko ndani. Katika matoleo ya kabla ya hilo, saa za mwendo na mafuta zilikuwa katikati ya dashibodi. Katika toleo la tatu zilihamishiwa mbele ya dereva. Kwa hiyo nachora saa mbili kwa kalamu juu ya karatasi, kila moja ndogo kuliko ukucha, na kuzifunika kwa plastiki angavu iliyotoka kwenye kasha la sidii. Usukani ni waya wa umeme uliovaa ngozi yake nyeusi, umekunjwa duara. Kuna gia kubwa, na pembeni yake vijiti viwili vifupi ambavyo kila dereva wa porini anavijua: chenye kirungu cha njano, cha kuunganisha tairi za mbele, na chenye kirungu chekundu, cha kushusha nguvu kwenye matope na milima. Njano naikata katika dumu la mafuta ya kula. Nyekundu katika kifuniko cha soda. Viti vitatu vya mbele navichonga, na mishono yake naichora kwa sindano ya moto.

Hapo kuna jambo moja ambalo plastiki yenyewe ilinifundisha. Plastiki ya dumu haikubali gundi. Ukiipaka unaona imeshika vizuri, unafurahi, unaweka rangi. Baada ya wiki mbili unaigusa inabanduka kama gamba. Ili ishike kweli, sharti uitoboe kwa waya wa moto toka chini, upitishe pini, ukunje ncha yake upande usioonekana. Kwa juu, kiti kilichopigwa pini na kiti kilichobandikwa kwa gundi ni mapacha. Hakuna jicho litakalovitofautisha siku ya kuuza.

Na hatimaye paa hufungwa. Ukichungulia kwenye kioo unaona kivuli, na labda nusu ya usukani. Kazi ya miezi miwili imeingia gizani. Mnunuzi wa mnadani analipa bei ileile, iwe ndani kuna vijiti vitatu au hakuna kitu. Jirani yangu mmoja, mama muuza mihogo, aliniuliza bila ubaya wowote: "Sasa mzee wangu, hivyo vya ndani umemwekea nani?"

Nimelizungusha swali la mama huyo kwa muda mrefu. Jibu la kwanza linalokuja kwa watu wengi ni kwamba Mungu anaona. Ni jibu la heshima na silidharau. Hata hivyo, mtu anayefanya kazi njema kwa sababu tu anatazamwa toka juu hajaachana na mtazamaji, amembadilisha tu. Jibu la pili ni kwamba ninajifurahisha. Hilo ni kweli, lakini furaha haiwezi kuwa msingi wa wajibu, maana mwingine anafurahia kulipua.

Karibu miaka 2400 iliyopita Mgiriki Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, alimpa mtu aitwaye Glaucon kisa cha kusimulia. Mchungaji mmoja alikuwa malishoni, ardhi ikatetemeka ikapasuka. Akashuka katika ufa huo na kukuta farasi wa shaba mwenye uwazi ndani na vijilango vya kuchungulia. Alipochungulia aliona maiti yenye pete ya dhahabu kidoleni. Aliivua, na baadaye akagundua kwamba akigeuza kito chake upande wa kiganja, haonekani na mtu. Kwa pete hiyo alimtongoza malkia, akamuua mfalme, akatwaa nchi. Glaucon anauliza: nani kati yetu angeivaa pete hiyo akabaki mwema?

Sisi wa ukanda huu wa dhahabu tungeweza kukisoma kisa hicho kama habari ya jana. Mtu anashuka ardhini, anapanda na dhahabu, tabia inageuka. Lakini mimi naona pete hiyo iko karibu zaidi. Kila fundi anayo. Mwashi anayo anapochanganya zege litakalofunikwa na plasta. Mshonaji anayo kwenye bitana. Fundi magari anayo chini ya boneti, mwenye gari akiwa amekaa kibarazani anakunywa soda. Popote kazi inapofunikwa, hapo pete imegeuzwa.

Ndipo nikapata jibu langu kwa yule mama. Gari la mabua halina viti na halidanganyi mtu, halijaahidi viti. Ningeweza hata kupaka vioo vyangu rangi nyeusi, nisiweke kitu ndani, na bado nikawa mkweli. Wajibu si kujaza kila uwazi duniani. Wajibu unaanza pale upande wa nje unapotoa ahadi kwa niaba ya upande wa ndani. Kioo angavu kinasema: humu mna gari. Aliyekiweka kioo hicho ndiye amesema neno hilo, na neno la mtu halipungui uzito kwa sababu msikilizaji hana njia ya kulihakiki. Bali linaongezeka.

Kama ningeishia hapa ningekuwa nimeandika mahubiri mepesi, kwa maana Land Rover yangu haijawahi kumwangukia mtu. Ninaye mpwa, mtoto wa dada yangu, ambaye alinisaidia miaka miwili kukata na kupiga msasa. Mkono wake ni mtulivu kuliko wangu. Alipofika miaka 20 aliingia machimboni, katika maduara ya wachimbaji wadogo, na kwa sababu ya ule mkono aliwekwa kwenye matimba.

Kwa asiyefahamu, matimba ni magogo yanayopangwa ndani ya duara ili kuzuia kuta na dari zisiporomoke. Hayaleti dhahabu hata gramu moja. Jiwe likipanda juu linapelekwa karasha likasagwe, na kila mtu analiona. Gogo linabaki chini gizani, na kazi yake yote ni kwamba kitu fulani kisitokee. Nani alipwaye kwa kisichotokea? Tena gogo lililochomekwa kwa haraka na gogo lililokazwa kwa kabari hadi likaubeba mwamba, kwa mwanga wa tochi ya kichwani, yanafanana kama vile viti vyangu viwili.

Na sisi tunajua kinachotokea. Mwezi Oktoba 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, ardhi iliwaporomokea wachimbaji wakafukiwa. Watu walishakata tamaa. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watano walitolewa wakiwa hai, wakiwa wameishi kwa mende, vyura na maji yaliyokuwa yakichuruzika mwambani. Dunia nzima ilistaajabu, na ilikuwa haki yake. Lakini sisi tunaokaa huku tunajua kwamba walio wengi wakifukiwa hawapati siku ya 42.

Mpwa wangu alikataa kupanua nafasi kati ya gogo na gogo. Mwenye duara alitaka magogo machache, maana kila gogo ni fedha iliyotoka kabla fedha haijaingia. Walivutana siku mbili, na ya tatu kijana akaambiwa apumzike nyumbani. Mahali pake palipata mtu siku hiyohiyo. Alikuja kwangu jioni, akakaa kwenye kigoda chake cha zamani mbele ya meza ya magari.

Nikamwambia amefanya vema. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shikamoo zako nazipokea, mjomba. Lakini wewe ukirudia kiti unapoteza jioni moja. Mimi nikirudia gogo, mke wangu hakoroki ugali." Alikuwa ananitania, kwa kuwa shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, ila utani wake ulikuwa na mwiba. Mzee anayempa kijana heshima badala ya mshahara anampa kitu gani?

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu ninaposifu uaminifu wa siri. Mimi ni mstaafu; ukamilifu wangu ni wa bei nafuu. Tunapomwambia fundi maskini awe mwema gizani, tunamtwisha yeye peke yake gharama ya usalama wa watu 20, halafu sisi wengine tunabaki na kazi ya kupiga makofi. Glaucon aliuliza nani atakayebaki mwema akiwa na pete. Nadhani kuna swali la kuliuliza kabla ya hilo: kwa nini tumewavisha watu pete hiyo na kuwaacha nayo? Dhamiri ni kitu kikubwa, lakini dhamiri ya mtu mmoja haiwezi kushikilia mwamba.

Kijana mwenyewe alikuwa na wazo, na naliona ni jema kuliko falsafa yangu. Kwa nini, alisema, wale wanaoshuka wasiyakague matimba wenyewe kabla ya kila zamu, wayagonge gogo kwa gogo, na fundi asimame hapo awaonyeshe? Na bei ya magogo itolewe kwenye fungu la wote kabla ya mgawo, isitoke kwa mmoja. Mwenye duara na wachimbaji hugawana mifuko ya mawe. Kwa nini wasigawane pia kitu kinachowarudisha juu? Wazo hilo halihitaji malaika. Linahitaji tu watu waruhusiwe kutazama. Wapo waliolicheka, na wapo waliolichukua. Yeye mwenyewe sasa anafanya matimba katika duara jingine, kwa malipo madogo zaidi, na wenzake wanayagonga kila asubuhi.

Kwa upande wangu nilibadili kitu kimoja. Bodi ya Land Rover ya kweli ni ya vipande, na paa lake hufunguliwa kwa boliti. Sasa hata yangu hailibani paa kwa gundi. Inashikwa na pini nne, na mnunuzi akitaka analiinua. Wengi hawaliinui kamwe. Haidhuru. Nimegundua kwamba kazi ya ndani inabadilika pale unapojua kwamba paa linafunguka, si kwa woga wa kushikwa, bali kwa sababu umeshaacha kuitegemea giza. Na kama kuna kipimo ninachoweza kumwachia msomaji, iwe ni mwashi, mwalimu, mama wa nyumba au kiongozi wa watu, ni hicho: usijiulize tu nani anaiona kazi yako. Jiulize kama uko tayari paa liinuliwe leo mchana, na kama wale watakaokaa chini ya kazi hiyo wamepewa nafasi ya kuliinua.