Watoto Zabibu, Wakubwa Glasi

Tuseme familia ya Sengerema imekwenda Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mwenyeji anawapeleka kiwanda cha mvinyo: watoto wale zabibu, wakubwa waonje. Je, kuingia tu ni dhambi?

Soma Yeremia 35. Nabii mwenyewe aliwaingiza Warekabi chumbani, akawawekea divai. Waliingia, lakini hawakunywa. Msimamo huo waliurithi nyumbani, kutoka kwa Yonadabu, haukuzaliwa mezani.

Hata hivyo, kwa ndugu aliyeacha pombe juzi, mlango wenyewe ni mtego. Upendo utamfikiria kwanza.

Jadili: Je, watoto wako wanajua kwa nini hunywi, au wanajua tu kwamba kanisa limekataza?