Kasha Lililorudi kwa Ndege

Mzani wa bafuni ulisema kilo 41. Nikapima tena, nikijidanganya kwamba nililiweka vibaya. Kilo 41 zile zile. Mashirika mengi ya ndege hayapokei mzigo mmoja unaozidi kilo 32, hata ulipe, kwani kuna binadamu wa kuunyanyua. Basi nikachomoa droo tatu za chini, nikazifunga kwenye begi jingine, nikapima: 31 na nusu. Nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu. Kasha, kitu kilichobuniwa kubeba mizigo ya watu, leo lenyewe limekuwa mzigo.

Nilikuwa Hamburg, narudi Unguja kuishi baada ya miaka sita. Kasha nililinunua kwa bi kizee mmoja aliyekuwa akiuza vitu vya nyumba yake kabla ya kuhamia makao ya wazee. Lilikuwa gereji, juu yake makopo ya rangi. Msaji mzito, misumari ya shaba iliyopangwa kama maua, na ndani, pembeni, kile kijisanduku kidogo cha kufichia dhahabu. Nililitambua pale pale. Akataja yuro 60. Sikupunguza bei, na kwa kutopunguza nikajiona muungwana.

Uwanja wa ndege mhudumu akatoa utepe wa kupimia. Kwa kawaida urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Langu lilifika 185. Nikalipia mzigo mkubwa, pesa nyingi kuliko bei ya kasha lenyewe. "Ndani kuna nini?" akauliza. "Nguo," nikamjibu, na ilikuwa kweli. Wala sikuumia. Moyoni nilikuwa na hotuba yangu tayari: narudisha cha kwetu.

Hotuba hiyo, msomaji wangu, ndiyo nataka tuichunguze leo.

Kuna vitu ambavyo hotuba hiyo inavifaa bila ubishi. Vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa heshima ya wazee waliofariki, viliibwa, vikauzwa, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Mwaka 2019 makumbusho moja ya Denver ilivirudisha Kenya 30. Hapo sina kigugumizi. Nguzo ya marehemu si bidhaa, na aliyeing'oa hakumwomba mtu ruhusa.

Lakini kasha? Makasha mengi tunayoyaita ya Zanzibar yalitengenezwa India, yakaja na majahazi kwa upepo wa kaskazi. Yalizaliwa ili yasafiri. Ukiniuliza "kwao" ni wapi, nitababaika. Hamburg hiyo hiyo ndiko alikozikwa binti wa Sultani, Sayyida Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Sijasikia mtu akidai kwamba hakuwa wa kwetu kwa sababu kalala kule, wala kwamba kule hakukuwa kwake. Basi na vitu navyo huenda vina makwao mengi.

Hata hivyo, si jiografia iliyonivunja hotuba. Ni shangazi.

Tulipolifikisha nyumbani alilizunguka mara mbili, akapitisha kiganja juu ya kifuniko. "Tulikuwa nalo kama hili," akasema. "Bibi yako aliliuza."

"Kwa nani?"

"Mzungu mmoja, alikuja kutembea. Ilikuwa miaka ya shida, mwanangu, mchele kuupata kazi. Akauliza bei, mama akataja. Wala hakupunguza. Tulimwona muungwana."

Nilinyamaza. Neno lile lile.

Miaka yote nilikuwa nikimlaani mnunuzi wa aina hiyo. Hakuiba, sawa. Lakini alijua thamani ya kitu, akajua pia kwamba mwenyewe ana dhiki, akakaa kimya, akalipa. Sasa mimi nilifanya nini kule gereji? Bi kizee alikuwa na tarehe ya kuhama, na chumba kidogo kinachomsubiri. Nami nilijua asichokijua yeye.

Sote tunakubaliana kwamba muuzaji akificha kasoro ya bidhaa yake, amedhulumu. Je, mnunuzi akificha sifa ya bidhaa? Wapo watakaosema elimu ni mtaji, aliyejifunza ale matunda yake. Nakubali, wakikutana wafanyabiashara wawili. Yule hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa mtu anayefunga maisha yake kwenye maboksi.

Na hapa ndipo naona ubaya wa hotuba yangu. Ilinisaidia nisimwone. Nilimwona Mzungu, nikaona historia, nikaona deni la zamani lenye miguu miwili, na deni nikajilipa mwenyewe. Kama mumewe alilinunua kwa haki, au alirithi, au aliliokota, sikuuliza. Nilihofia kwamba nikiuliza, naye ataniuliza: kwani lina nini? Dhuluma waliyofanyiwa wazee wetu ni ya kweli, lakini hainipi leseni ya kunyamaza mbele ya bi kizee mwenye haraka. Na mapenzi yangu kwa kasha, hata yawe makubwa vipi, hayawi hati ya umiliki.

Nilimpigia simu. Namba haipatikani. Nimeandika barua kwa anwani ya zamani, nimeeleza kasha lina thamani gani na kwamba nusu ya tofauti ni yake, au lote akilitaka. Miezi minne, kimya. Huenda barua iko mlangoni kwa mtu mwingine. Huenda yeye mwenyewe hayupo tena.

Kwa sasa kasha liko chumbani kwa shangazi, limejaa kanga zake. Droo moja haifungi sawasawa tangu nilipoichomoa kwa pupa ili kupunguza kilo. Shangazi anasema nimwite fundi. Namwambia nitamwita, lakini bado sijamwita.

Wewe ungesema nini pale gereji, bei ilipotajwa?