Je, Utawala Huongeza Uzazi?

Wako wasemao kwamba uzazi wa watu hufuata namna ya utawala wao: mtawala wa mabavu akitaka watoto wengi huwapata, akitaka wachache huwapunguza, na watu waliojichagulia serikali huzaa wapendavyo. Kauli hii ina ukweli ndani yake, lakini haukutimia.

Natuitazame Romania. Mwaka 1966 serikali ya Kikomunisti ya Nicolae Ceaușescu iliharimisha kutoa mimba isipokuwa kwa sababu chache, na dawa za kuzuia mimba zikawa adimu. Mwaka uliofuata uzazi uliruka kutoka kiasi cha watoto 2 kwa kila mwanamke hadi kupita 3 na nusu. Mwenye kuishia hapo atasema amri imefaulu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzazi ulikuwa umekwisha kurejea karibu na pale ulipoanzia, na amri ingali ipo. Watu walizijua njia za siri, na wanawake ndio walioilipa gharama yake. Mwaka 1989, mwaka wa mwisho wa utawala ule, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai walikufa wanawake kiasi cha 159 kwa sababu ya mimba na uzazi, na wengi wao kwa mimba zilizotolewa kwa siri. Watoto kwa maelfu walijaa katika nyumba za mayatima, ilhali wazee wao wako hai. Mimi sisemi kwamba kutoa mimba ni jambo jema, hasha! Nasema kwamba yule bwana alitaka watu kwa ajili ya viwanda na majeshi, wala hakuuliza nani atawalea.

Utawala una athari, tena kubwa, ila huingia nyumbani kwa mlango mwingine. Iran, baada ya mapinduzi ya mwaka 1979, mwanamke alizaa zaidi ya watoto 6. Mwaka 1989 watawala walewale wa dini waliwahimiza watu kupanga uzazi, na baada ya miaka kumi na kitu wakafika kiasi cha 2. Wengi huisifu amri hiyo, lakini hesabu zaonyesha uzazi ulianza kushuka katikati ya miaka ya 1980, kabla serikali haijageuka. Wasichana walikuwa wakisoma, na nyumba za afya zilikuwa zikifika vijijini. Mama ambaye watoto wake hawafi ana haja gani ya kuzaa wanane ili wabaki wanne?

Kisha serikali ikageuka mara ya pili. Mwaka 2021 ilitunga sheria ya kuzidisha watu: ikatoa mikopo kwa waoao na wazaao, na ikazuia dawa za kuzuia mimba kutolewa bure. Mikopo ilichukuliwa, na uzazi ukabaki chini ya watoto 2.