Aliyehukumiwa Apewe Mizani?

Hapa Mbunya twaona dhahabu ya Mongbwalu ikiletwa kuuzwa. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yamtaka mnunuzi awe na kadi ya serikali. Askari, polisi na mahakimu hawapewi. Ni haki: mwenye bunduki akishika na mizani, mchimbaji atamwambiaje kwamba amempunja?

Sheria yamkataa pia aliyehukumiwa kwa kosa la madini, kwa miaka 10. Na aliyenyang'anywa kadi, kwa miaka 3. Wengine husema huo ni ukatili, maana mtu huyo amekwisha kulipa kosa lake. Mimi sikubali. Kumsamehe mwivi si kumkabidhi ufunguo siku ile ile. Mchimbaji aliyeshinda shimoni mara nyingi hana mizani yake. Huamini ya mnunuzi tu. Basi yafaa yeye alindwe kwanza.

Lakini tazama: sheria imehesabu miaka, nayo ina mwisho. Ikipita, mtu huyo aweza kuomba kadi. Sisi majirani hatukuhesabu. Akipita sokoni bado twamwita mwivi, na watoto wake twawaita vivyo hivyo. Miaka hiyo ya ziada, ni hakimu gani aliyeitoa?