Cha Bure na Mkono Ukitoao

Nenda sokoni siku ya soko, ewe msomaji, usimame kando ya mwuza mboga utazame. Mnunuzi amekwisha kuchagua fungu lake la nyanya na kulipa, lakini hajaondoka. Amesimama anangoja. Mwuzaji anatabasamu, anachukua nyanya moja katika rundo jingine, anaitia kikapuni na kusema, "Hiyo ni nyongeza yako, mama." Mnunuzi anashukuru na kwenda zake kwa moyo mkunjufu. Haulizi kwa nini amepewa, wala hashuku kuwa nyanya ile imeoza.

Sasa vuka njia uende upande wa pili. Hapo yuko kijana aliyefungua kibanda cha chakula asubuhi ya leo. Ameshika sinia la maandazi yaliyokatwa vipande, naye anawaambia wapita njia, "Onjeni, ni bure." Wa kwanza anageuza uso. Wa pili anaongeza mwendo. Wa tatu anamnong'oneza mwenzake, "Ameyatia nini?" Nyanya ni ya bure, na maandazi ni ya bure. Mwuza mboga ana biashara ndogo, na kijana ana biashara ndogo. Mbona yule anashukuriwa, na huyu anashukiwa? Kati ya kushukuriwa na kushukiwa pana tofauti ya herufi mbili tu, lakini kwa mtu anayetafuta riziki yake umbali wake ni mkubwa mno.

Swali hili hujibiwa kwa njia mbili, na zote mbili zastahili kusikilizwa.

Jibu la kwanza ni kwamba cha bure hushukiwa kwa sababu kinastahili kushukiwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu hatoi mali yake pasipo sababu. Kwa hiyo, sababu isipoonekana, hapana budi imefichwa, na kinachofichwa na mwuzaji aghalabu huwa ni hasara ya mnunuzi. Shaka ya namna hii si upumbavu. Msafiri aliyewekewa kitu mkononi kituoni na kuambiwa ni zawadi, kisha akadaiwa malipo gari lilipokaribia kuondoka, hatasahau upesi. Amejifunza kwa fedha yake mwenyewe, na mafunzo ya namna hiyo hudumu.

Jibu la pili ni kwamba cha bure hudharauliwa kwa sababu hakikutokwa jasho. Wenye maoni haya husema, mtoze mtu japo kidogo, ili akithamini alichopata. Maneno haya yana sura ya hekima, lakini yalipopimwa katika nchi yetu hayakusimama imara. Wataalamu wawili wa elimu ya uchumi, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walifanya uchunguzi katika zahanati za magharibi mwa Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Wajawazito walipata vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu, mahali pengine bure, mahali pengine kwa bei ndogo. Waliopewa bure walivitumia sawa na wale walionunua. Zaidi ya hayo, bei ilipopanda kutoka sifuri hadi senti 60 tu za dola ya Marekani, waliochukua vyandarua walipungua mno. Yamkini mama hakukidharau chandarua cha bure kwa sababu aliijua kazi yake, na alimjua aliyempa.

Ikiwa ndivyo, basi ubure wenyewe si ugonjwa. Ugonjwa uko mahali pengine, nami niliuona kwa macho yangu kabla sijaweza kuutaja jina.

Nilipokuwa nikisomea ualimu, fundi mmoja kijana alikodi kibanda karibu na lango la chuo chetu. Alikuwa na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, kiti kimoja, na kibao alichokiandika mwenyewe kwa chaki: NATIA VIRAKA BURE. Sisi wanafunzi tulikuwa na suruali nyingi zilizotoboka na fedha chache za kuzitengenezea. Ungedhani tungemiminika kwake kama nyuki. Hatukwenda. Usiku bwenini tulimjadili kana kwamba tumo mahakamani. Mmoja alisema kuwa fundi huyu anajifunzia kazi katika nguo za watu. Wa pili alisema kuwa atazizuia nguo mpaka tulipe. Wa tatu alisema kuwa fundi hodari hana nafasi ya kufanya kazi ya bure. Tulihukumu hivyo, na katika sisi sote hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuuona mshono wake.

Baada ya siku chache kibao kilibadilika. Sasa kilikuwa na maneno mengi zaidi: MIMI NI MGENI HAPA. KAZI YANGU HAMJAIONA. NGUO MOJA YA KILA MTU NITAITENGENEZA BURE MPAKA MWISHO WA MWEZI, ILI MWONE MSHONO WANGU. BAADA YA HAPO NI SHILINGI ISHIRINI. Kesho yake asubuhi palikuwa na watu watatu kibandani, na mmoja wao nilikuwa mimi, nimeikunja suruali yangu na kuitia kwapani.

Fikiri, msomaji, ni kitu gani kilichobadilika. Cherehani ilikuwa ile ile, mikono ilikuwa ile ile, na malipo yalikuwa yale yale, yaani hapakuwa na malipo. Kwa kweli ahadi ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, maana ya kwanza haikuwa na mpaka. Lakini katika ahadi ya pili fundi alisema mambo matatu aliyokuwa ameyanyamazia: kwa nini anatoa, atatoa mpaka wapi, na anatumaini kupata nini. Alikiri mbele ya watu kwamba anatafuta faida, na kukiri kwake ndiko kulikotuondolea hofu. Mtu asemaye kwamba anatoa bila kutaka kitu anatutaka tuamini kwamba yeye ni malaika. Mtu asemaye anachokitaka tunaweza kumpima kama tunavyowapima wanadamu wengine.

Mtazame tena yule mwuza mboga, nawe utaona kuwa nyongeza yake ina mambo yale yale matatu. Sababu yake inajulikana: anataka mnunuzi arudi kesho. Kipimo chake ni kidogo. Tena inatoka katika rundo lililo mbele ya macho ya watu wote. Kumbe hatuogopi cha bure. Tunaogopa sababu iliyofichwa nyuma yake.

Lakini shaka isiyo na kipimo nayo ina madhara, na madhara hayo humwangukia zaidi mtu mdogo. Kampuni kubwa ikigawa makopo mia ya bure, gharama yake hutawanywa juu ya maelfu ya makopo yanayouzwa, wala mwenye kampuni hakosi chakula cha jioni. Mwenye kibanda hana maelfu ya kutawanyia. Kijana aliyekaanga maandazi 30 na kukata 5 ya kuonjesha ametoa sehemu moja ya sita ya mauzo yake ya asubuhi kabla hajapokea senti. Unga aliununua, mafuta aliyanunua, makaa aliyanunua. Kile tunachokiita bure kimekwisha kulipiwa, na aliyelipa ndiye huyo asimamaye mbele yetu na sinia. Tunapogeuza uso na kunong'ona, tunakataa andazi, na pamoja na andazi tunamtia mtu doa ambalo hakulistahili.

La kustaajabisha ni kwamba watu wale wale wanaomkwepa jirani mara nyingine humkimbilia mgeni. Mwaka 2023, jijini Nairobi, maelfu ya watu walipanga foleni katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, ili mashine za mradi uitwao Worldcoin zichukue picha za mboni za macho yao. Walipewa sarafu za kidijitali zilizokadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 7,000 hivi, na kwa wengi ilionekana kuwa ni fedha ya bure. Mwezi wa Agosti mwaka ule serikali ilizisimamisha shughuli za mradi ule nchini ili zichunguzwe, kwa kuwa palikuwa na wasiwasi juu ya namna alama zile za macho zingehifadhiwa na kutumiwa. Simcheki mtu aliyesimama katika foleni ile, maana shida haina adabu. Nasema tu kwamba haikuwa fedha ya bure. Kila mmoja alitoa kitu cha mwili wake ambacho hakijui bei yake, na ambacho hawezi kukibadili kama abadilivyo ufunguo uliopotea. Shaka yetu, tusipoifunza, huwa kama mbwa ambwekeaye jirani na kumtikisia mkia mgeni.

Mpaka hapa nimesema juu ya mtoaji. Mpokeaji naye ana hukumu yake, na hapa sina budi kusema habari zangu mwenyewe.

Mwenzetu mmoja alipeleka kwa yule fundi nguo nne kwa majina manne ya watu mbalimbali, akarudi bwenini akicheka, nasi tukacheka pamoja naye. Mimi nilipeleka moja tu, nikajiona mwadilifu. Kiraka changu kilitiwa vizuri, hata mtu aliyekuwa mbali asingekiona. Miezi miwili baadaye nilihitaji suruali mpya ya kwendea mazoezi ya kufundisha. Nilinunua kitambaa, nikakipeleka kwa fundi mwingine mjini, kwa kuwa ndiko nilikozoea kwenda. Njia yangu ilipita mbele ya kibanda. Fundi aliniamkia kwa furaha, akaniuliza, "Mwalimu, kile kiraka bado kinashika?" Nikamjibu kuwa kinashika. Akakiona kitambaa kwapani mwangu. Hakusema neno, aliinama akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Je, nilikuwa na deni? Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Halikuwa deni la kununua. Kama zawadi ingemlazimisha mtu kununua, isingekuwa zawadi, ingekuwa mtego, na wale waliomshuku tangu mwanzo wangekuwa wamesema kweli. Lakini kulikuwa na deni jingine, nalo ni deni la haki. Fundi yule aliomba jambo moja tu: kazi yake itazamwe, na yeye ahukumiwe kwa kazi hiyo. Mimi niliitazama, nikajua kuwa ni njema, kisha sikumwambia mtu. Hata mimi mwenyewe sikujikumbusha siku ile nilipochagua pa kupeleka kitambaa changu. Alinipa kiraka, nami nikamnyima hukumu.

Kabla ya muhula kwisha kibanda kile kilikuwa na mpangaji mwingine, mwuza viazi. Sisemi kuwa suruali yangu moja ndiyo iliyomfukuza fundi. Lakini kila mmoja wetu aliyetiwa kiraka angeweza kusema maneno hayo hayo, na sote tungekuwa tunasema kweli, na kibanda kingekuwa kitupu vile vile.

Basi, msomaji wangu, utakapoitwa kupokea cha bure, usikimbie wala usirukie. Uliza maswali matatu: Kwa nini ananipa? Atanipa mpaka wapi? Mimi nitalipa nini, na lini? Akikujibu waziwazi, pokea kwa shukrani. Kisha mpe haki yake: kama kazi yake ni njema, iseme kuwa ni njema, na kama ni mbaya, mwambie mwenyewe kwa upole kabla hujawaambia wengine. Asipokujibu, au jibu likizungukazunguka, shika njia yako, hata kama jengo lake ni refu na mashine zake zinang'aa.

Na wewe ambaye siku moja utafungua duka, au utakaa nyuma ya cherehani, usiandike neno bure kwa herufi kubwa na kuificha sababu yake. Andika sababu kwa ukubwa ule ule. Hutapoteza heshima kwa kusema kwamba unatafuta riziki. Kila mtu aliye sokoni anaitafuta.

Kitu kisicho na bei kina gharama, na gharama hiyo ina mtu aliyeibeba. Mtazame mtu huyo usoni kabla hujakitazama kilichomo mkononi mwake.