Kinachouinua Ukoka

Mwaka 1966 mwanafalsafa Mwingereza John Hick alitetea wazo ambalo wahubiri wengi wamelitoa kwa namna zao: Mungu ameyaacha maumivu duniani kwa sababu bila hayo roho ya binadamu haikomai. Nyanda za malisho zina ushahidi juu ya jambo hilo.

Ushahidi wa kwanza unamuunga mkono. Huko Laikipia, Kenya, watafiti walizungushia uzio migunga yenye miba iliyovimba, tembo na twiga wasiifikie. Miti hii huwapa sisimizi makazi ndani ya miba na majimaji matamu ya kunywa, nao huwauma wanyama wanaokuja kula majani. Baada ya miaka 10 ya amani, migunga ilipunguza vyote viwili. Walinzi wake wakadhoofika, wakaingia sisimizi wa aina nyingine, wanaokaa katika matundu yaliyotobolewa na mbawakawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba miti iliyolindwa ilidumaa, na vifo vikaongezeka.

Wengi huishia hapo. Ni mapema mno.

Ng'ombe anapoung'ata ukoka hukata jani. Sehemu inayozalisha jani jipya iko chini, karibu na udongo, na mashina yake mengine hutambaa ardhini, meno yasikofika. Jino haliuinui ukoka. Kinachouinua ni kile ambacho jino halikukifikia, pamoja na siku za kupumua kabla halijarudi. Themeda triandra, nyasi maarufu ya nyanda hizi, ikiliwa mfululizo hupungua hadi kutoweka. Serengeti hustahimili makundi makubwa ya nyumbu kwa kuwa nyumbu huondoka kufuata mvua.

Hata Ayubu, anayeheshimiwa na Waislamu na Wakristo, alirudishiwa afya mateso yalipokoma. Anayemwambia mgonjwa au mjane kwamba shida itamkomaza amesema nusu tu ya jambo, na ile nusu nyingine inamdai yeye mwenyewe.

Wasukuma wa Shinyanga, Tanzania, waliijua nusu hiyo. Ngitili ni malisho yanayofungwa masika ili yapumzike, yakafunguliwa kiangazi. Ngitili nyingi zilipotea, ardhi ikabaki kipara. Mradi wa kuhifadhi ardhi uitwao HASHI, ulioanza mwaka 1986, ukasaidia kuzirejesha, na miti ikachipua kutoka visiki na mizizi iliyokuwa bado hai. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati huitwa mbele ya dagashida, baraza la jadi, akatozwa faini.